Chaguo-msingi la kuripoti makosa katika PHP: lugha imfikirie nani kwanza?

#1 Mleta uzi

Ndugu wanajamvi, salaam.

Nimekuwa na nia ya kufungua uzi huu kwa muda mrefu, na kilichonisukuma ni jambo lililonipata mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, wakati seva nyingi zikiwa bado zinaendesha PHP 7, niliandika kwa lugha hiyo ya kuandikia programu za wavuti mfumo mdogo wa mikopo kwa ajili ya chama kimoja cha kuweka na kukopa. Kwenye fomu nilikiita kisanduku cha riba kwa jina moja, na katika msimbo unaoipokea fomu hiyo nikaandika jina linalokaribiana nalo, tofauti yake ikiwa herufi moja tu. PHP ilipoutafuta ufunguo ambao haukuwapo ilirudisha null (yaani thamani tupu), null ikazidishwa na kiasi cha mkopo, na jibu likawa sifuri. Hakuna ukurasa uliokatika, hakuna ujumbe uliotokea, na faili la logi halikuwa na hata mstari mmoja. Mhasibu ndiye aliyegundua, baada ya wiki tatu, kwamba wakopaji wote wapya walikuwa wameandikiwa mikopo isiyo na riba.

Kosa lilikuwa langu, na nililirekebisha kwa dakika mbili. Kilichonikaa moyoni ni kwamba PHP ililiona kosa hilo tangu siku ya kwanza. Ilikuwa na ujumbe kamili wa kunipa, «Undefined index», pamoja na jina la faili na namba ya mstari, lakini haikuutoa kwa sababu seva ile ilifuata chaguo-msingi la wakati huo, yaani mpangilio unaotumika mtu asipochagua mwingine, na chaguo-msingi hilo lilikuwa limeamua kwamba ujumbe wa aina hiyo haustahili kusemwa.

Kabla ya kwenda mbali ni vyema tukatenganisha mambo mawili ambayo huchanganywa karibu kila mara. Jambo la kwanza ni lipi liripotiwe, na hilo huamuliwa na error_reporting. Jambo la pili ni ripoti hiyo iende wapi: display_errors huipeleka kwenye ukurasa anaouona mtumiaji, na log_errors huiandika kwenye logi. Mtu anayesema «nimezima makosa kwenye seva» mara nyingi amezima la kwanza akidhani anazima la pili, na hapo amejifunga kitambaa machoni mwake mwenyewe ili wageni wasione uchafu wa nyumba.

Sasa tuitazame historia, maana bila hiyo mjadala huu hauna miguu. Tangu PHP 4, iliyotoka mwaka 2000, hadi PHP 7.4, injini yenyewe isipokuta faili la mipangilio, php.ini, iliripoti kila kitu isipokuwa E_NOTICE, yaani taarifa ndogondogo, na baadaye zikaongezwa kwenye orodha ya vinavyofichwa E_STRICT na E_DEPRECATED. Kwa miaka ishirini, basi, kigeu ambacho hakijapewa thamani kilisomwa kimyakimya kama null. Wabunifu wa lugha walikuwa na sababu. PHP ilizaliwa ikiwa zana za kutengenezea kurasa binafsi, Rasmus Lerdorf alipozitoa hadharani mwaka 1995, na watu waliozitumia walitaka ukurasa utokee, hata kama una kasoro. Kuandika echo $jina pasipo kuhakikisha kwamba $jina ipo kulionekana kuwa wepesi wa lugha, na ujumbe wa kulalamika ungeonekana kama ukali usio na sababu.

Lakini tazameni wepesi huo ulivyokutana na chaguo-msingi jingine la zama zilezile. Kulikuwa na mpangilio ulioitwa register_globals, ambao uligeuza kila kilichoandikwa kwenye anwani ya ukurasa kuwa kigeu ndani ya programu. Mwandishi aliyesahau kuanza na $ameidhinishwa = false aliacha mlango ambao mgeni yeyote angeweza kuufungua kwa kuongeza ameidhinishwa=1 kwenye anwani. Mpangilio huo ulizimwa kama chaguo-msingi katika PHP 4.2.0 mwaka 2002 na ukaondolewa kabisa katika PHP 5.4 mwaka 2012. Alarmu ambayo ingemwonya mwandishi yule kwamba anatumia kigeu asichokianzisha ilikuwamo ndani ya lugha muda wote huo. Ilikuwa E_NOTICE, na ilikuwa imezimwa kiwandani.

Hoja yangu ni hii. Anayejua maana ya error_reporting hahitaji chaguo-msingi, kwa sababu atakwenda mwenyewe kuweka anachotaka. Chaguo-msingi linamwathiri yule ambaye hajui kwamba mpangilio huo upo: mwanafunzi wa mwezi wa pili, fundi aliyekabidhiwa mfumo ulioandikwa na mtu mwingine, mwenye duka anayepanga nafasi kwenye seva ya pamoja ambako php.ini imeshikwa na watu asiowafahamu. Mtu huyo akipewa ujumbe mwingi kupita kiasi, atakereka, atauliza, na ataelekezwa jinsi ya kuupunguza. Akinyimwa ujumbe hana hata swali la kuuliza, kwa sababu hajui kwamba kuna alichonyimwa. Madhara ya pande hizi mbili hayalingani hata kidogo, na kwa hiyo sioni namna ya kuutetea ukimya kama chaguo-msingi.

Ndiyo maana nililipokea kwa furaha toleo la PHP 8.0, lililotoka Novemba 2020. Chaguo-msingi la error_reporting likawa E_ALL, bila kupunguzwa chochote. Wakati huohuo kusoma kigeu kisichokuwapo au ufunguo usiokuwapo kulipandishwa daraja kutoka taarifa kuwa onyo, hivyo hata mtu aliyebeba mpangilio wake wa zamani unaoficha E_NOTICE sasa anaonywa. Lile kosa langu la riba leo lingetoa «Undefined array key» siku ileile. Kulikuwa pia na pendekezo la kwenda mbali zaidi na kukifanya kigeu kisichokuwapo kisimamishe programu, nalo halikupata kura za kutosha kwa toleo hilo. Mwaka 2022 pendekezo la aina hiyo lilipigiwa kura upya na likakubaliwa kwa ajili ya PHP 9.

Swichi ya pili ndiyo inayonipa shida hadi leo. Injini ya PHP isipokuta php.ini, display_errors huwa imewashwa. Faili mbili za mfano zinazokuja na PHP tangu toleo la 5.3, yaani php.ini-development na php.ini-production, zinatenganisha vizuri: ya kwanza inaonyesha makosa kwenye ukurasa, ya pili inayaficha na kuyaandika kwenye logi. Lakini hizo ni faili za mfano tu, na mpaka mtu anakili mojawapo na kuiweka mahali pake, hazina nguvu yoyote. Taswira rasmi ya PHP ya Docker, yaani kifurushi kilicho tayari cha kuanzishia kontena (mazingira yaliyofungwa ya kuendeshea programu), inakuja na faili zote mbili pembeni bila kuiweka hata moja, na maelezo yake yanasisitiza kwamba kwenye seva ya umma utumie ile ya php.ini-production. Ni wangapi kati yetu wanaoyasoma maelezo hayo kabla ya kupeleka kontena kwenye seva ya umma?

Na madhara hayaishii kwenye aibu ya maandishi ya makosa. Ujumbe wa kosa hutaja njia nzima ya faili kwenye seva. Muunganisho wa hifadhidata kupitia PDO, kiunganishi cha PHP na hifadhidata, ukishindwa na kosa lisidakwe, ufuatilio unaochapishwa (orodha ya fanksheni zilizoitwa mpaka kosa likatokea) unaweza kubeba vipengele vilivyopitishwa, na kabla ya PHP 8.2 nenosiri lilikuwamo: ingawa PHP huyakata maandishi marefu baada ya herufi 15, nenosiri fupi lilipita lote. Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui: display_errors ikiwa imewashwa, programu ikifa katikati ya safari, PHP bado hujibu kwa msimbo wa 200, kana kwamba mambo yamekwenda salama. Ikiwa imezimwa, na kama vichwa vya majibu havijatumwa, hujibu 500, yaani msimbo wa kosa la seva. Kwa hiyo programu ya simu inayoitegemea seva hiyo, pamoja na kifaa cha kufuatilia uhai wa tovuti, vyote vinaambiwa kwamba hakuna tatizo.

Kwa maoni yangu, basi, chaguo-msingi sahihi ni kuripoti yote, kuandika yote kwenye logi, na kutoonyesha chochote kwenye ukurasa wa wavuti mpaka mtu aombe. Naomba michango yenu, hasa wale wanaosimamia seva kubwa.

#2 Mchangiaji wa pili

Mkuu mleta uzi, nakushukuru kwa maelezo marefu na yenye utaratibu. Mimi ninasimamia seva zinazobeba tovuti za wateja wengi, nyingine zikiwa zimeandikwa zaidi ya miaka kumi iliyopita na watu ambao hawapatikani tena. Nakubaliana nawe kuhusu ukurasa, lakini kuhusu E_ALL naomba nitofautiane kwa heshima.

Tulipohamisha tovuti hizo kwenda PHP 8 tukiwa tumeacha chaguo-msingi jipya, logi zilijaa kwa kasi ambayo hatukuitarajia. Sehemu kubwa ilikuwa ilani za E_DEPRECATED, yaani zile zinazosema kwamba fanksheni fulani itastaafishwa katika toleo lijalo. Ujumbe huo ulitoka ndani ya maktaba ambazo mteja hakuziandika na hana uwezo wa kuzirekebisha, na ulijirudia kwa kila ombi lililoingia. Katika mafuriko hayo, hitilafu mbili za kweli zilipita bila kuonekana kwa siku kadhaa. Logi isiyosomeka haina tofauti kubwa na logi isiyoandikwa.

Lugha nyingine zimeliona hili. Python ilikuwa ikionyesha DeprecationWarning kwa kila mtu, lakini kuanzia 2.7 na 3.2 ikaificha kama chaguo-msingi, kwa hoja kwamba mtumiaji wa programu iliyokamilika hana la kufanya na ujumbe unaomhusu aliyeiandika. Ruby ilitoa toleo la 2.7 likiwa na ilani nyingi kuhusu mabadiliko ya vipengele vyenye majina, na katika 2.7.2, Oktoba 2020, ikazizima ilani za kustaafishwa kama chaguo-msingi. Tazama tarehe hizo: chini ya miezi miwili kabla ya PHP 8.0 kuziwasha zote, Ruby ilikuwa inazizima. Sidhani kama watu wa Ruby hawakuwafikiria wanafunzi.

#3 Mleta uzi

Ndugu yangu, hoja yako ni nzito, na nakiri kwamba katika maelezo yangu ya kwanza niliziweka aina zote za ujumbe katika kapu moja, jambo ambalo si sahihi. Niruhusu nizitenganishe.

E_NOTICE na E_WARNING zinasema habari ya sasa: programu hii, kwa data hii, imefanya jambo ambalo huenda si ulilokusudia. Riba yangu ya sifuri ilikuwa ya aina hiyo. E_DEPRECATED inasema habari ya kesho: leo kila kitu kimekwenda sawasawa, lakini ukipandisha toleo hakitakwenda. Kuchelewa kuiona habari ya sasa kunaharibu vitabu vya hesabu. Kuchelewa kuiona habari ya kesho hakuharibu chochote mpaka siku ya kupandisha toleo. Ndiyo maana php.ini-production yenyewe inaondoa E_DEPRECATED huku ikiacha maonyo na taarifa, na mimi sina ugomvi na seva ya umma inayofuata mpangilio huo. Kwa seva zako ningefanya hivyohivyo.

Hata hivyo mfano wa Python una sura ya pili ambayo hukuitaja, nayo ndiyo iliyonishawishi kuliko zote. Baada ya ilani kufichwa, ilibainika kwamba waandishi wenyewe, ambao ndio waliokusudiwa kuzisoma, hawakuziona pia. Mabadiliko yalipofika yaliwakuta kama wageni wasiopiga hodi, ingawa lugha ilikuwa imepiga hodi kwa miaka ndani ya chumba kilichofungwa. Ndipo katika Python 3.7, mwaka 2018, likaja suluhisho la katikati kupitia pendekezo namba 565: ilani huonekana pale zinapotokana na msimbo ulioandikwa moja kwa moja kwenye faili kuu linaloendeshwa, na hubaki zimefichwa zinapotoka ndani ya maktaba. Vyombo vya majaribio kama unittest navyo huziwasha vyenyewe, kwa kuwa anayeendesha majaribio karibu kila mara ni mwandishi.

Naona busara kubwa hapo, maana swali limehama kutoka «tuonyeshe au tufiche» na kuwa «ni nani aliyeko mbele ya ujumbe huu, na ana uwezo gani wa kuutendea kazi». PHP haina utenganisho huo. E_ALL yake haijui kama mstari uliokosea ni wako au wa maktaba iliyomo ndani ya folda ya vendor, na mafuriko uliyoyapata yanatokana na upungufu huo. Lakini kati ya injini isiyoweza kutofautisha na kusema yote, na injini isiyoweza kutofautisha na kunyamaza yote, bado nachagua ya kwanza, kwa sababu wewe msimamizi una uwezo wa kuipunguza kwa mstari mmoja wa mpangilio, na umefanya hivyo. Yule mwanafunzi wangu hakuwa na uwezo wa kuiongeza.

Nikuongezee na mfano wa upande mwingine. Katika Node.js, inayoendesha JavaScript kwenye seva, «ahadi» (promise, yaani kazi ambayo jibu lake linasubiriwa) iliyoshindwa bila msimbo wa kuishughulikia ilikuwa ikitoa onyo tu, na programu ikaendelea na safari ikiwa katika hali isiyojulikana. Toleo la 15, Oktoba 2020, liligeuza chaguo-msingi hilo kuwa kosa linaloisimamisha programu. Wapo waliolalamika kwamba programu zao «zimeharibiwa na toleo jipya», ilhali zilikuwa mbovu tangu zamani na hakuna aliyezisikia.

#4 Mchangiaji wa tatu

Habari za jioni wakuu. Mimi ni mwalimu, nafundisha PHP kwa vijana wa ngazi ya cheti, na nimesoma uzi huu kwa makini kwa sababu unagusa tatizo ninalokutana nalo kila muhula. Vijana wanaotumia XAMPP, kifurushi chenye Apache na PHP pamoja, kwenye Windows wanaona makosa yao kwenye ukurasa bila shida. Wanaotumia Ubuntu na kusakinisha PHP kwa apt wanapata ukurasa mweupe, au ujumbe wa 500 usio na maelezo, na wengi wao huamini kwamba kompyuta imeharibika. Nimewaelekeza waandike ini_set('display_errors', 1) mwanzoni mwa faili. Kwa baadhi yao inafanya kazi, kwa wengine ukurasa unabaki mweupe vilevile. Naomba kueleweshwa.

Na niseme kwamba pendekezo la mleta uzi la kutoonyesha chochote mpaka mtu aombe linanitia wasiwasi. Wanafunzi wangu wa Ubuntu tayari wanaishi katika hali hiyo, na ndio wanaokata tamaa mapema zaidi.

#5 Mleta uzi

Mwalimu, asante sana. Nianze na lile la kiufundi. Vifurushi vya PHP vya Debian na Ubuntu kwa ajili ya Apache vinasakinisha php.ini inayofuata ule mfano wa seva ya umma, kwa hiyo display_errors iko Off tangu mwanzo, wakati XAMPP inakuja na mpangilio wa mtengenezaji. Ukurasa unaobaki mweupe hata baada ya ini_set ni wa kijana aliyekosea sarufi: amesahau nuktamkato au kufunga mabano. PHP huisoma faili nzima kwanza na kuitafsiri ndipo ianze kuitekeleza, na kosa la sarufi linatokea katika hatua ya kusoma. Mstari wa ini_set, ambao ungewasha maonyesho, haujapata nafasi ya kutekelezwa. Wenye kosa la aina nyingine, mathalani kuita fanksheni isiyokuwapo, wanaonyeshwa kwa sababu mstari huo umekwisha kupita.

Dawa ni kubadilisha mpangilio nje ya faili. Katika Ubuntu 24.04, yenye PHP 8.3, faili la kuhariri ni /etc/php/8.3/apache2/php.ini, na ni muhimu vijana waelewe kwamba lile lililomo kwenye folda ya cli ni la kuendeshea programu katika dirisha la amri pekee. Ukishahariri, Apache iwashwe upya. Kwa asiye na ruhusa ya kugusa php.ini, amri ya php -l ikifuatiwa na jina la faili hukagua sarufi na kutaja mstari wenye kosa. Na wafundishwe siku ya kwanza kabisa kufungua /var/log/apache2/error.log, maana ujumbe wote walioukosa kwenye ukurasa umo humo ukiwasubiri.

Kuhusu wasiwasi wako, umenigusa mahali penye ukweli. Nilimtetea mwanafunzi katika swichi ya kwanza kisha nikamsahau katika ya pili. Ukurasa mweupe kwa anayeanza ni ukuta, na kumwambia kwamba logi ipo mahali fulani hakumsaidii asiyejua logi ni nini.

Nimelifikiria tangu jana, na nadhani kasoro iko katika kutaka thamani moja itumike mahali pote. Injini ya PHP ina njia ya kujua inaendeshwa vipi. Ikiendeshwa kwenye dirisha la amri, tayari huwa inaonyesha makosa bila mapambo ya HTML, kwa kuwa inajua anayesoma ni mtu aliyeketi mbele ya skrini. Seva ndogo inayowashwa kwa php -S, ambayo maelezo rasmi yanasema ni ya utengenezaji tu na isitumike hadharani, nayo ingeweza kuonyesha makosa wakati wote. Apache na FPM (njia nyingine ya kuendeshea PHP nyuma ya seva ya wavuti), ambazo ndizo zinazobeba tovuti za umma, zingeficha na kuandika kwenye logi, na badala ya ukurasa mweupe zingetoa sentensi moja fupi inayosema kwamba programu imeshindwa na maelezo yameandikwa kwenye logi ya seva. Sentensi hiyo haifichui njia ya faili wala nenosiri, lakini inampa kijana wako neno la kutafuta. Ningeshauri darasa lako lianze na php -S badala ya Apache: linahitaji amri moja tu, na makosa yanaonekana palepale kwenye dirisha hilohilo.

#6 Mchangiaji wa nne

Ningependa kuongeza jambo ambalo halijatajwa: hata error_reporting ikiwa E_ALL, PHP ya zamani ilikuwa na ukimya mwingine ndani ya hifadhidata. PDO ilianza maisha yake ikiwa na chaguo-msingi la ERRMODE_SILENT. Swali la SQL likishindwa, ilirudisha false na kunyamaza, na usipokagua jibu hukujua lolote. Katika mysqli, kiunganishi cha PHP na MySQL, hali ilikuwa hiyohiyo, na matokeo yake ni ujumbe ambao kila aliyewahi kufundisha PHP anaufahamu: «Call to a member function fetch_assoc() on bool». Kijana anaulizia fetch_assoc wakati tatizo ni jina la safuwima alilolikosea mistari mitatu juu yake. Lugha ilikuwa inalalamikia kivuli cha kosa na kuliacha kosa lenyewe.

PDO ilibadilishwa katika 8.0 na mysqli katika 8.1, mwaka 2021. Sasa zote mbili hurusha kosa mahali lilipotokea, likiwa na maneno ya hifadhidata yenyewe. Kwa maoni yangu mabadiliko hayo mawili yamewasaidia wanaoanza kuliko hata E_ALL.

#7 Mleta uzi

Nakubaliana nawe kabisa, ndugu, na niongeze alama ya @ ambayo wengi waliitumia kunyamazishia mstari mmoja. Kabla ya 8.0 iliweza kunyamazisha hata kosa linaloua programu, hivyo ukurasa ulikufa bila neno lolote na ungeweza kuhangaika siku nzima ukilitafuta. Tangu 8.0 makosa ya kuua hayanyamazishwi tena kwa alama hiyo. Wenye vishughulikia makosa vyao wenyewe wanaokagua kama error_reporting() ni sawa na 0 ili kujua kwamba @ imetumika wabadilishe ukaguzi huo, kwa sababu sasa thamani inayorudi ni 4437. Ukaguzi unaofaa ni kulinganisha thamani hiyo na namba ya kosa lililotokea kwa kutumia &.

#8 Mchangiaji wa pili

Mkuu, nimeweka php.ini-production kwenye kontena zetu zote leo asubuhi, nikiwa nimeacha E_WARNING na E_NOTICE ziandikwe kwenye logi, na E_ALL kamili nikaiweka kwenye mazingira ya majaribio. Nina swali moja la mwisho. Kwenye mipangilio ya Apache ya wateja wa zamani nimekuta namba 32767 mahali pa E_ALL, na nimesoma kwamba katika PHP 8.4 E_ALL ni 30719. Je, namba hiyo ya zamani itatuletea tatizo?

#9 Mleta uzi

Haitaleta tatizo. Tofauti ya namba hizo mbili ni 2048, ambayo ilikuwa E_STRICT, na daraja hilo halitumiki tena na injini, kwa hiyo ukiiacha ndani unawasha taa isiyo na waya. Ila kama kuna mahali ndani ya msimbo wa PHP palipoandikwa jina E_STRICT lenyewe, 8.4 itatoa ilani ya kustaafishwa, hivyo liondolewe. Namba ziliandikwa kwenye mipangilio ya Apache kwa sababu majina kama E_ALL hayana maana nje ya PHP, na maelezo rasmi yanapendekeza huko itumike namba kubwa kama 2147483647, ambayo inafunika madaraja yaliyopo na yatakayoongezwa. Ndani ya php.ini na ndani ya msimbo tumieni jina, ili atakayekabidhiwa seva hizo baada yenu aweze kusoma mlichokusudia.

Nikiziona logi zako za wiki ya kwanza nitafurahi kukusaidia kuzichambua. Anza na zile zinazosema «Undefined array key» katika kurasa zinazopokea fomu za fedha.